Kabla Hujaiuza Simu ya Zamani

Mjukuu wangu, habari ya kwamba unahama imenifikia. Miaka yote hii umekuwa mtu wa Android, tangu zama zile Huawei Ideos ilipoenea nchini mwaka 2011 na kila kijana wa Embu akatamani kuwa nayo. Sasa umeiona iPhone ya ex-UK, iliyokwisha kutumika Uingereza, katika duka moja pale Makutano, Meru, na moyo umeshaondoka. Sikukatazi. Pesa ni zako, umezitolea jasho. Ila nina maneno ambayo nimewaambia wengi kabla yako. Wachache waliyashika, wengine waliitikia kwa kichwa wakaenda zao. Nimechoka kuyasema, lakini nitayasema tena, kwa utaratibu, nawe unisikilize mpaka mwisho.

Simu unayotaka kuiuza haina mambo yako peke yako. Wewe hununua parachichi na makadamia kwa wakulima wa Runyenjes na Manyatta, kwa hiyo humo mna majina yao, nambari zao, na jumbe za M-Pesa zinazoonyesha nani alilipwa kiasi gani na siku gani. Wewe ndiwe mweka hazina wa chama, kwa hiyo mna picha ya daftari, na katika daftari hilo imo aibu ya mwanachama aliyeshindwa kutoa mchango wake. Mna picha ya kitambulisho cha mama yako, uliyopiga siku ulipomsajili katika bima ya afya ya SHA. Mna picha ya hati ya shamba ambayo mjomba wako alikutumia kwa WhatsApp akitaka ushauri, na mpaka leo hajui kwamba ingali humo. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama anaridhia mambo yake yauzwe pamoja na simu. Ndiyo sababu sikubali kijana akiniambia kwamba simu ni yake na atafanya nayo apendavyo. Chuma ni chake. Yaliyomo ni amana za watu, na amana haikabidhiwi ovyo.

Watu wetu hawakufundishwa siri na wauza simu. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, hukutana Nchiru, na anayeingia katika baraza lile hula kiapo cha kuyahifadhi ya barazani. Serikali nayo iliandika jambo hilohilo kwa lugha yake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha: mambo ya familia yake yasidaiwe wala kufichuliwa pasipo haja, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Mwaka 2019 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data. Kwa hiyo mila na sheria hazigombani hapa. Kilichobadilika ni kwamba zamani siri za watu zilikaa katika vichwa vingi, na leo zote tumezitia mfukoni na kuingia nazo katika msongamano wa soko la Gakoromone.

Tuanze na hiyo unayoinunua. Mabishano ya vijana kuhusu Android na iPhone ni marefu, na mengi yake ni ya kujionyesha tu. Mimi naona hivi. Google hupata sehemu kubwa ya mapato yake kwa matangazo, na matangazo huhitaji kukujua wewe ni nani, unatafuta nini, umepita wapi. Apple hupata zaidi kwa kuuza kifaa chenyewe, na tangu Aprili 2021 iPhone humlazimu mwenye programu akuombe ruhusa kabla ya kukufuatilia katika programu na tovuti za wengine. Huo ni msaada wa kweli, nami siubezi. Lakini mtu mwenye Android anayejua kuzima ruhusa analindwa vizuri kuliko mwenye iPhone anayebonyeza kubali kwa kila anachoulizwa. Ukihama na tabia ileile, umebadilisha kioo tu.

Jingine, tazama umri wa simu. Hizi za ex-UK hung'arishwa zikaonekana changa, kumbe nyingine zimeshaachwa na waliozitengeneza. iPhone 8 na iPhone X ziliishia iOS 16. Simu isiyopata tena toleo jipya la mfumo haitaendelea kuzibwa mianya yake kama inavyopaswa, na siku moja programu ya benki itaikataa. Kwa bei hiyohiyo huenda ukapata simu mpya ya Android yenye ahadi ya kuhudumiwa miaka mingi. Samsung waliahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 walipoitoa Januari 2024, ingawa hizo ni za bei ya juu. Muulize muuzaji swali hilo kabla ya kuulizia kamera.

Na usitoe hata shilingi kabla hujaiwasha mbele yake na kuiandaa kama simu mpya, kuanzia salamu ya kwanza mpaka mwisho. Ikikudai akaunti ya mtu mwingine wa Uingereza usiyemjua, irudishe mezani. Atakwambia kuna kijana Nairobi anayeifungua. Mwache nayo. Simu iliyofungwa kwa akaunti ya mwenyewe huenda iliibwa, na hata isipokuwa ya wizi, huwezi kuhifadhi siri za wakulima wako ndani ya kitu ambacho ufunguo wake anao mwingine.

Sasa kuhamisha. Usiende kuhamishiwa na mtu. Dukani watakuambia, lete hapa mzee, dakika chache tu, na kijana atazichukua simu mbili zikiwa wazi, pamoja na nambari zako za siri, aingie nazo nyuma ya pazia. Kazi hiyo utaifanya mwenyewe jioni moja ukiwa nyumbani. Apple wana programu inayoitwa Move to iOS. Unaiweka kwenye Android yako, iPhone inakuonyesha nambari, unaiingiza, simu mbili zinazungumza moja kwa moja. Ziweke zote kwenye chaji. Tangu mwaka 2022 njia hiyo hubeba na WhatsApp, lakini iPhone sharti iwe mpya au iliyofutwa kabisa, na nambari ya simu iwe ileile. Wengi hukosea hapa: huianza iPhone kwa furaha, huiandaa, huipiga picha, ndipo hukumbuka WhatsApp, wakiwa wameshachelewa. Ile akiba ya WhatsApp iliyoko Google Drive haisomeki upande wa iPhone. Basi kumbukumbu za miaka hubaki huko, pamoja na sauti za marehemu, na sijapata jibu la kumpa mtu aliyepoteza sauti ya baba yake kwa njia hiyo.

Lakini je, ni lazima uhame na kila kitu? Mtu akihama nyumba ya kupanga hafungi mzigo mpaka na takataka za jikoni. Kaa na simu ya zamani kwanza, ufungue picha. Hati ya mjomba, ifute, kisha mwambie umeifuta. Vitambulisho ambavyo watu walikutumia uwasajilie laini au uwajazie fomu, vifute. Daftari la chama, nakili panapostahili, kisha futa. Makundi ya WhatsApp ya harambee na ya mazishi ya miaka iliyopita, ondoka. Ukimaliza utaona ulichobaki nacho ni kidogo sana, na hicho ndicho cha kuhama nacho. Hii ndiyo faida kubwa ya kubadilisha simu, na sisikii watu wakiitaja.

Nikiwa hapo, niseme juu ya saiba. Tunapeleka kila kitu huko: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, fomu ya basari, PIN ya KRA, barua ya chifu. Tunamtumia kijana wa saiba kwa WhatsApp yake, anachapisha, tunalipa, tunaondoka, na hati zote zimebaki katika kompyuta yake na katika simu yake. Mwombe azifute mbele yako. Hatakasirika. Na usifungue barua pepe yako katika mashine yake ukaiacha wazi. Huduma Centre zipo Embu na Meru. Panapowezekana, peleka jambo la serikali kwenye dirisha la serikali.

Simu mpya ikishawaka, kila programu itaanza kukuomba upya: nione ulipo, nione picha zako, nisikie maikrofoni, nisome majina ya watu wako. Hapa nakusihi, mjukuu wangu. Lile ombi la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu unaombwa vitu vya wengine. Unakumbuka balaa la mikopo ya simu. Kijana anakopa elfu mbili kwa programu, anachelewa, na siku ya tatu mwalimu mkuu wa zamani anapigiwa simu, padri anapigiwa, mama mkwe anaandikiwa kwamba mkwewe ni mwizi. Hawakudhamini mkopo wowote. Kosa lao ni kuwa katika orodha ya majina ya simu ya mtu aliyebonyeza ruhusu. Nimeona nyumba zikivunjika kwa jambo hilo, na aliyezivunja hakuwahi kufika kwetu.

Nchi haikukaa kimya. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zilikataza kuchukua majina yaliyo katika simu ya mkopaji ili kuwatumia watu hao jumbe anapochelewa kulipa. Google nao, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, walizuia programu za mikopo zilizo katika duka lao kugusa majina na picha za watu. Septemba mwaka huohuo Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari zilizopatikana kwa watu wengine na kuwatumia jumbe za vitisho. Siku zilezile shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Nayataja haya ili usije ukaambiwa kwamba sheria ni karatasi. Malalamiko kwa ofisi ile hayana ada, na sheria imeipa siku 90 kuyamaliza.

Hata hivyo faini huja baada ya aibu kuenea kijijini, na hakuna kamishna anayeweza kuirudisha. Kwa hiyo ukikuta programu inayotumwa kwa kiungo cha WhatsApp au Telegram badala ya kutoka duka la programu, usiiweke, hata kama aliyeituma ni binamu yako. Zilizofukuzwa dukani hurudi kwa mlango huo. Na kwa zile za halali, toa kidogo. Kuanzia iOS 18 ya mwaka 2024, programu ikitaka majina, unaweza kuichagulia machache uyatakayo na kuinyima mengine yote. Kwenye Android unaweza kuikataa kabisa na mara nyingi itafanya kazi tu. Ikigoma kufanya kazi bila majina ya watu wako, umeshajua ilikuja kutafuta nini.

Nije kwenye laini. Vijana hulinda simu na kuisahau laini, na pesa ziko kwenye laini. M-Pesa tangu ianze Machi 2007 imefuata kadi ile, haikufuata kifaa. WhatsApp, benki, eCitizen, zote hutuma nambari ya uthibitisho kwa laini hiyo. Tapeli hahitaji simu yako. Anahitaji kuibadilisha laini yako iende kwake, na kwa hilo hutosha kitambulisho chako na maneno matamu. Utajua pale mtandao utakapokatika ghafla kwenye simu yako huku wenzako wote wanao. Piga *100*100# leo, ili laini ya Safaricom isibadilishwe mpaka wewe mwenyewe ufike dukani kwao. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Wengi hukuta wageni. Weka nambari ya siri kwenye laini yenyewe, ili aliyekupokonya simu asiitoe kadi na kuipachika kwenye simu ya kabambe na kuanza kupokea nambari zako. Katika WhatsApp washa ule uthibitisho wa hatua mbili, wenye tarakimu sita. Zima maneno ya jumbe yasionekane simu ikiwa imefungwa. Na mwaka wako wa kuzaliwa si nambari ya siri; kila anayeona kitambulisho chako anaujua.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wengi walioibiwa ninaowajua hawakuibiwa na mtu wa mbali mwenye kompyuta. Waliibiwa na aliyewahi kuishika simu yao na kuiona nambari ikibonyezwa.

Ndipo nifike kwa fundi. Nenda ukasimame mbele ya meza ya fundi wa simu yeyote, Embu, Nkubu au Maua. Utaona simu zimepangwa kifudifudi, na nyuma ya kila moja kuna kipande cha utepe wa karatasi, na juu ya utepe ameandika kwa biro jina la mwenyewe na nambari ya kuifungulia. Ziko hapo mchana kutwa. Wateja huinama juu yake wakiulizia vifuniko na chaja. Simwiti fundi mwizi. Anataka kujaribu kioo alichobadilisha, na wengi wao ni vijana waaminifu wanaolisha familia. Lakini hakuna haja ya kumtwika mzigo huo. Ukipeleka simu kutengenezwa, toa laini na memori kadi ubaki nazo, badilisha nambari ya kufungulia kwa muda, kaa pale pale mpaka amalize. Kazi ya kioo haichukui siku mbili.

Na unapouza kabisa, fuata mpangilio huu, usiuruke. Hakikisha kila kitu kimefika upande wa pili, kwa maana uhamisho ule hunakili tu. Mazungumzo yako yote bado yamo kwenye Android mpaka uyafute. Angalia kama majina yako yalihifadhiwa kwenye laini, kwenye simu au kwenye akaunti ya Google, kwa sababu wakulima wetu wengi tuliwaandika kwenye laini enzi za simu za mulika mwizi. Katika WhatsApp, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa uone kama hujaacha kompyuta ya mtu wazi. Toa akaunti ya Google katika simu, la sivyo atakayeinunua atakwama na atakutafuta. Hapo ndipo ufute simu nzima, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Simu zilizotoka na Android 10 na kuendelea huhifadhi mambo kwa njia ya fumbo, na ukizifuta ufunguo wa fumbo huenda nao. Zilizo za zamani zaidi si zote zifanyazo hivyo. Kwa isiyofanya hivyo, mwenye programu ya mia mbili bob huenda akaokota picha zako. Hiyo ya zamani usiiuze. Ivunje, au ikae kabatini. Elfu tatu utakayopewa haitoshi kumlipa mjomba wako kwa hati yake.

Najua unalofikiri. Hutaiuza, utampelekea mama yako, kama kila mtu afanyavyo. Simu mpya kwa kijana, ya zamani kwa mama kule Chogoria. Hapo ndipo nina uchungu zaidi, kwa sababu tunawapa wazazi wetu simu zenye maisha yetu ndani, na akaunti yetu ikiwa bado wazi. Mama anapiga picha ya jeraha lake amwonyeshe daktari, na picha inaingia kwenye simu ya mwanawe wa kiume Nairobi. Ana aibu, hasemi. Au mwanawe anaweza kuona alipo mchana kutwa, wala hakumwambia. Mama naye ana siri zake. Ana chama chake, ana deni lake, ana ndugu anayemsaidia kimya kimya. Kuzeeka hakumfanyi mtu kuwa mali ya watoto wake.

Sisi wazee tumezoea jambo baya: kumpa wakala simu pamoja na nambari ya siri atutolee pesa, kwa sababu maandishi ni madogo na macho hayaoni. Msimu wa bonasi ya chai ukifika, utaona foleni ya akina mama mbele ya duka, na kila mmoja akimtajia kijana nambari kwa sauti, ili asikie vizuri. Walio nyuma husikia pia. Hatuna ujinga, tuna haraka ya kuondoka na hakuna aliyeketi nasi.

Basi keti naye. Mfungulie akaunti yake mwenyewe, kwa jina lake. Kuza maandishi mpaka aseme yanatosha. Mfundishe kutoa pesa mara kadhaa, kwa *334#, kwa kiasi kidogo, mpaka mkono uzoee. Wakati wa kuweka nambari ya siri, geuka utazame kwingine, aichague mwenyewe. Mwambie kwamba Safaricom wakimpigia ni kwa 0722000000, na hata hao hawatamuuliza nambari yake ya siri. Halafu mwonyeshe namna ya kupeleka ujumbe wa matapeli kwa 333, kwa kuwa utamfikia tu, huenda hata kabla wewe hujapanda matatu ya kurudi.